Karavani Letu: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tulianza Novemba 2015 tukiwa akina mama 22, katika uwanja wa nyumba ya mwenzetu hapa hapa Makambako, na sanduku moja la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu zilikaa kwa watu watatu, na mpaka leo ndivyo zilivyo. Hisa ilikuwa shilingi 2,000 kwa wiki. Leo tupo 28. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii Ndugu Katibu amekwisha kuzisoma, nazo zimo katika kurasa za mbele za kitabu hiki, kwa hiyo hatutazirudia.

Sisi tumeombwa tuseme habari ya karavani. Maana kila mgeni anayefika anauliza hilo hilo: akina mama nyie, nyumba ya magurudumu mliitoa wapi, na mlijuaje kuinunua? Ndugu Mgeni Rasmi, hatukujua. Tulijifunza kwa kupoteza fedha, na nusura tupoteze na watu. Tutaeleza yote, hata yale yanayotutia aibu sisi viongozi, kwa sababu vipo vikundi vingine vimeanza kutuuliza, na si vizuri mwenzako aanguke kwenye shimo ambalo wewe unalijua lilipo.

Karavani, kwa ambao hawajaliona, ni kijumba kinachokaa juu ya tela la magurudumu mawili na kuvutwa na gari. Ulaya na Afrika Kusini watu huenda nalo matembezi, wanalala humo na watoto wao. Huku kwetu tumezoea kuyaona kwenye kambi za wakandarasi wa barabara, mainjinia wakilala ndani. Kazi ikiisha yanauzwa.

Sasa kwa nini sisi mama lishe tukataka kitu hicho? Tulikuwa na kibanda cha mbao kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Tukiuza chai, maandazi, ugali na maharage kwa madereva wa malori na utingo wao. Mwaka 2018 tulikuta kimepigwa alama ya X nyekundu. Hatukuonewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inasema hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kibanda chetu kilikuwa ndani. Tulikibomoa wenyewe ili tusipoteze mbao.

Akatokea mzee mmoja mwenye kiwanja nyuma ya hifadhi, akakubali kutukodisha sehemu ya mbele kwa mwaka mmoja mmoja. Lakini alisema wazi: siku vijana wangu wakitaka kujenga, mtaondoka. Hapo ndipo akili ya magurudumu ilipoanza. Ukijenga tofali kwenye kiwanja cha mtu, siku ya kuondoka unamwachia. Kontena la chuma bei yake ilitushinda, na kulihamisha ni mpaka utafute winchi. Mwenzetu mmoja akasema aliona karavani huko Njombe linauzwa. Sote tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Fedha tulizokuwa nazo ni hizi. Katika mgawo wa Desemba 2018 tulikuwa wanachama 26, na kila mmoja alikubali kuacha shilingi 150,000 kwa ajili ya mradi. Jumla 3,900,000. Mfuko wa kikundi ukaongeza 600,000. Ikawa 4,500,000. Tunaomba mwelewe laki moja na nusu hiyo ilikuwa nini. Kwa mmoja ilikuwa karo, kwa mwingine mbolea ya mahindi, na wawili walikuwa wajane wanaokaa nyumba za kupanga. Hakuna aliyetoa cha ziada.

Februari 2019 viongozi wanne tulikwenda Njombe. Jamani, lile karavani lilikuwa zuri! Limepakwa rangi nyeupe na mstari wa bluu, ndani limebandikwa karatasi ya maua ukutani, sakafuni zulia la plastiki jipya linang'aa, mapazia, na kimeza cha kukunja. Linanukia marashi. Mwenye mali alitaka 4,300,000, akasema yupo na mteja mwingine kutoka Songea anakuja kesho. Tukampa kishika uchumba shilingi 300,000 pale pale, na karatasi tukaandikishana kwamba tukibadili nia hazirudi. Tuliporudi nyumbani tulikuwa tunaimba.

Kwenye kikao cha wiki iliyofuata tuliwaeleza wenzetu. Akasimama mama mmoja, tunamwona amekaa pale safu ya pili, yeye kazi yake ni mitumba. Akauliza: "Mliingia chini yake?" Tukamwambia chini kuna nini, mwenzetu, sisi tunanunua nyumba. Akauliza tena: "Kile kitu kuukuu kimepakwa rangi mpya na kubandikwa karatasi mpya kwa sababu gani? Nguo ya mtumba ikiletwa imepigwa pasi sana, mimi naigeuza ndani natazama mshono." Akauliza la tatu, kwamba tukilipa 4,300,000 tunabaki na laki mbili, na karavani litafikaje hapa, na jiko litanunuliwa kwa nini.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukumjibu. Tulisema anaturudisha nyuma. Alipoendelea kusema tulimtoza faini ya shilingi 1,000 kwa kuvuruga kikao, na ikaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu kwa maneno hayo hayo. Alilipa. Akakaa kimya.

Machi tulikwenda kumalizia malipo. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha sana, na mvua ya Njombe mnaijua. Tulipofungua mlango, ile harufu ya marashi haikuwepo. Kulikuwa na uvundo kama wa kabati la nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi. Ile karatasi ya maua ilikuwa imevimba kwenye kona kama shavu la mwenye jino. Mwenzetu mmoja akaigusa kwa kidole gumba, kidole kikazama. Tukainua zulia la plastiki; mbao chini ilikuwa nyeusi, unaichimbua kwa kucha kama kiporo cha ugali.

Baadaye fundi seremala alitufafanulia. Karavani la zamani si bati tupu. Nje kuna bati jembamba la alumini, ndani yake kuna mifupa ya mbao, halafu ndani tena plaiwudi nyembamba. Pale bati linapokutana na bati, kwenye kona za juu, kuzunguka madirisha na kwenye taa, wenye kiwanda waliziba kwa gundi laini kama ulimbo. Miaka ikipita gundi inakauka na kupasuka. Maji yanaingia kidogo kidogo, yanashuka ndani ya ukuta ambako jua halifiki, na ule mfupa wa mbao unaoza huku nje bati linang'aa tu. Kwa hiyo rangi ya nje haikuambii lolote. Ukuta mzima unaweza kuwa umebaki umeshikwa na rangi na Mungu.

Tukaacha shilingi laki tatu zetu. Karatasi tuliisaini wenyewe. Safari ya kurudi hakuna aliyeimba.

Tulipofika tulimfuata yule mama wa mitumba nyumbani kwake, jioni, tukamkuta anakunja mzigo. Hatukuwa na maneno mengi. Tulimwomba awe mwenyekiti wa kamati ya kununua. Alisema: "Sawa, lakini twende na kisu, ndoo na jeki." Hakututania wala hakutusimanga, na hilo lilituuma zaidi kuliko kama angetusimanga.

Basi sasa tunaeleza tulivyonunua la pili, na hapa tutakwenda polepole kidogo kwa faida ya wanaotaka kununua.

Mei 2019 tulisikia mkandarasi mmoja amemaliza kazi, anauza vifaa vya kambi, upande wa njia ya Mafinga. Yalikuwepo makaravani matatu. Bei zilikuwa kubwa kwa mawili. La tatu lilikuwa baya. Rangi imebabuka, dirisha moja limepasuka na kuzibwa kwa mfuko, kuku walikuwa wanataga kwenye mlango. Sote macho yalikwenda kwa yale mawili. Mama wa mitumba akaenda moja kwa moja kwa lile la kuku.

Alianza na kona. Alibonyeza kwa gumba kila kona ndani, juu na chini, halafu chini ya kila dirisha, halafu ndani ya makabati, maana makabati hakuna anayeyapaka rangi wala kuyabandika karatasi, ndiyo yanayosema kweli. Alipokuta doa la maji alichomeka ncha ya kisu. Mbao nzima inakataa kisu. Kisha akakanyaga sakafu yote kwa kisigino, hatua kwa hatua. Pembeni ya mlango ilinepa. Pengine pote ilikuwa ngumu. Akatuambia tupande na ndoo juu ya meza, tumwagie maji paa lote na kona zote kwa nje, halafu tukakaa ndani nusu saa tumenyamaza kama tupo kanisani, tunasikiliza. Lilivuja sehemu mbili, kwenye tundu la hewa la juu na kwenye dirisha lile bovu. Fundi seremala tuliyekwenda naye alisema sehemu mbili ni kazi ya siku moja.

Halafu akaingia chini. Huko tulikuwa na fundi wa magari, kijana wa mwenzetu, tukamlipa nauli na chakula tu. Aligonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Kutu ya juu juu haina neno. Kutu inayobanduka kama maganda, au chuma kinachotoa sauti ya kopo, hiyo ni ya kukimbia. Akatazama sana ule mkono wa kuvutia wa mbele, kama umepinda au umechomelewa upya, kwa sababu ukikatika njiani karavani linakwenda lenyewe linakotaka. Bakuli lake linalokaa juu ya mpira wa chuma wa gari nalo alilijaribu kama linafunga na kushika. Akainua gurudumu kwa jeki, kwenye ekseli. Ile miguu minne ya pembeni inayoshushwa ni ya kulituliza lisicheze, haikutengenezwa kuinulia, ukiinulia inapinda. Gurudumu likiwa hewani akalishika juu na chini akalitikisa. Lilicheza, akasema beringi zimekwisha. Tukaandika.

Matairi yalikuwa na meno mazuri kabisa, kama mapya. Sisi tukafurahi. Kijana akatuonyesha namba nne pembeni ya tairi, ndani ya kiduara kirefu: 3407. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yaani lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2007, na sisi tupo 2019. Karavani husimama tu, kwa hiyo meno ya tairi hayaliki, lakini mpira unazeeka kwa jua. Ukiukunja pembeni unaona nyufa nyembamba kama za kisigino kisichopakwa mafuta. Tairi la namna hiyo linapasuka ukianza safari. Tukaandika mawili mapya.

La mwisho lilikuwa karatasi, na hapa tunawasihi sana. Vifaa vya kambi za ujenzi mara nyingine viliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi kwa ajili ya mradi. Vikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi inadaiwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti tulitaka kadi ya usajili, tukalinganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, kisha tukaenda TRA kuuliza kama kodi imelipwa. Ilikuwa imelipwa. Yale mawili mazuri mwenyewe alianza kusema kadi zitafuata. Tukaachana nayo.

Waliomba 3,000,000. Mama wa mitumba akatoa orodha yetu: beringi, matairi, dirisha, sakafu ya mlangoni, uvujaji. Akaisoma moja moja pole pole, bila kelele, kama anayesoma hesabu ya sadaka. Tukafika 2,300,000. Hakukuwa na kishika uchumba. Tulilipa siku tuliyoondoka nalo.

Tulibaki na 1,900,000 na hizo ndizo zilizotuokoa, kwa hiyo tunazitaja zilivyokwenda. Matairi mawili 320,000. Beringi, grisi na fundi 130,000. Gari la kuvuta 250,000. Kuziba paa na kona, silikoni na riveti mpya, 180,000. Mbao na plaiwudi ya sakafu na ukuta 240,000. Rangi 110,000. Kukata dirisha kubwa la kuuzia na kulichomelea fremu 200,000. Jiko la gesi, mtungi na mpira wake 270,000. Kubadili kadi na ukaguzi 120,000. Jumla 1,820,000. Zilizobaki, shilingi 80,000, tulinunulia sukari, unga wa ngano na majani ya chai. Sasa mtu apige hesabu: kama tungelipa lile zuri la Njombe tungebaki na laki mbili, na karavani lililooza, katikati ya masika.

Siku ya kulivuta ilikuwa na vituko vyake. Akina mama sita tulitaka kupanda ndani ili tuokoe nauli. Dereva wa Land Cruiser alikataa kata kata, akasema mtu hapandi ndani ya karavani linalovutwa, ni hatari na ni kosa. Tukanuna, tukapanda basi. Ila kabla ya kupanda tulifanya ujanja: tulikuwa tumenunua magunia mawili ya viazi, tukayaingiza nyuma kabisa ya karavani dereva akiwa anakunywa chai. Aliposhika mteremko wa kwanza karavani likaanza kupiga mkia, kushoto, kulia, kama nyoka. Mungu bariki yule dereva alikuwa mzoefu, hakukanyaga breki kwa nguvu, aliachia mafuta pole pole mpaka likatulia. Alipofungua na kukuta viazi alitupigia simu, na maneno aliyosema hatutayaandika kwenye kitabu cha maadhimisho. Mzigo wa tela la namna hii unakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma unainua mkono wa mbele, na tela linamwongoza dereva badala ya dereva kuliongoza. Aliondoka saa 3 asubuhi akafika saa 8 mchana.

Tulifungua biashara Julai 2019. Wateja walikuwa wengi kuliko kibanda cha zamani, wengine wanakuja kutazama tu, na anayetazama mwishowe anaomba chai.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema lakini lazima.

Julai hapa kwetu ni baridi na upepo. Jiko la gesi lilikuwa la chai tu, na gesi ni ghali, kwa hiyo tulikuwa na jiko la mkaa la maharage tulilowasha nje. Asubuhi moja, saa 11 alfajiri, upepo ulikuwa mkali mno. Wenzetu wawili wa zamu wakaliingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga mlango na dirisha wapate joto. Na chini ya karavani kuna matundu, sakafuni, ambayo sisi wenyewe siku chache nyuma tuliyaziba kwa matambara. Tuliona yanaingiza baridi. Tulidhani ni uchakavu.

Utingo mmoja wa lori alikuja kuomba chai. Akagonga dirisha, kimya, na taa anaiona inawaka. Angeweza kwenda zake. Akafungua mlango. Alimkuta mmoja ameanguka chini, mwingine ameegemea ukuta anatapika, hawezi kusema. Aliwaburuta nje wote wawili akapiga kelele. Walifikishwa hospitali, na jioni tulirudi nao. Yule aliyeanguka amekaa hapa mbele leo, yeye ndiye aliyepika pilau mtakayokula. Utingo yule hatukupata hata jina lake, maana lori lilikuwa linaondoka.

Tuliambiwa hospitali kwamba mkaa ukiungua mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huioni, huinusi, unasikia kichwa kizito na usingizi, na ukilala huamki. Na yale matundu ya sakafuni aliyeyaweka alikuwa na akili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, inashuka na kutulia chini kama maji kwenye beseni, inangoja kiberiti. Matundu ni ya kuitoa. Sisi tulikuwa tumeyaziba.

Kesho yake tuliyazibua. Tulijenga kipaa cha bati pembeni, wazi pande tatu, na mkaa unakaa huko, iwe mvua iwe baridi. Mtungi wa gesi unakaa nje, mpira tunaupaka povu la sabuni kila Jumatatu kuona kama unatoa mapovu. Anayeingiza mkaa ndani faini yake ni shilingi 20,000, na hiyo hakuna aliyeilipa mpaka leo.

Mwaka 2020 ulikuwa mgumu kwa sababu ya korona. Mei Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yalipungua mpaka tukawa tunakula maandazi yetu wenyewe. Tuliendelea. Zile laki moja na nusu za kila mmoja zilirudi zote katika mgawo wa Desemba 2021.

Na mwaka 2022 ile siku tuliyoambiwa na mzee ilifika. Vijana wake walitaka kujenga. Tulipandisha miguu, tukatia upepo matairi, likavutwa na trekta la jirani mpaka hapa mnapoliona, mwendo wa robo saa. Tulifunga saa 4 asubuhi na saa 9 mchana chai ilikuwa inachemka. Jirani yetu wa pale aliyekuwa amejenga kwa tofali aliondoka na mlango na mabati tu. Hatumcheki, tulitaka kufanya hivyo hivyo.

Karavani halijamaliza shida zake. Kila Novemba, kabla ya mvua, tunapanda juu na kuziba upya pale gundi ilipokauka. Dirisha la plastiki halipatikani, tumeweka plaiwudi. Ukuta wa nyuma umeanza kulainika sehemu ya kiganja, tumeshaufungua na kuuacha upigwe na jua kabla ya kuweka mbao mpya. Matairi sasa nayo yana miaka sita, na mwenye macho anaweza kwenda kusoma namba zake.

Limebaki jambo moja. Mwaka 2019, baada ya kufungua, tulimrudishia yule mama wa mitumba faini yake ya shilingi 1,000 mbele ya kikao. Alikataa kuipokea. Alisema fedha si kitu, ila kitabu cha kumbukumbu kinasema alivuruga kikao, na wajukuu zake wakija kusoma ndivyo watakavyomjua. Tulisema tutarekebisha. Ndugu Mgeni Rasmi, hatukurekebisha. Mwaka hadi mwaka tuliona aibu kufungua ukurasa ule, sisi tuliouandika. Juzi tulipokuwa tunaandaa kitabu hiki tuliufungua. Ndugu Katibu amekata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, na viongozi wote wanne tuliokwenda Njombe tumetia sahihi: "Mwanachama huyu aliuliza maswali matatu ya haki kuhusu fedha za kikundi, na hakujibiwa." Tumeomba ichapwe na hapa. Na ile elfu moja imeingizwa kama nusu ya hisa yake, nusu nyingine katoa mwenyewe jana, anacheka.

Sasa tunamkaribisha Mgeni Rasmi akalione karavani na anywe chai ya tangawizi. Waingie wanne wanne, sakafu ni ya mbao. Na ngazi ya mlangoni tafadhali wakanyage upande wa kulia, wa kushoto umelegea, fundi anakuja Jumatano.